Kabla ya kujaza fomu ya uzamili wa sanaa

Mhariri, swali lenu la wiki hii ni hili: "Je, msanii aendelee na shahada ya uzamili, au muda huo autumie kufanya sanaa yake?" Mimi nilikwenda. Nilisomea uandishi wa kubuni na sijutii hata kidogo, lakini wanaoniuliza kama nao waende, wengi wao nawaambia wasubiri kwanza.

Nianze na siku moja darasani. Warsha yetu ilifuata utaratibu ambao wengi waliosomea uandishi wanaujua: unagawa hadithi yako wiki moja kabla, kisha siku yako ikifika unakaa kimya wenzako wakiijadili mbele yako. Huruhusiwi kujitetea wala kufafanua. Mimi nilikuwa nimepeleka hadithi ya mzee anayemsubiri mwanawe. Waliisifu lugha yake, nikafarijika. Mwishoni, dada mmoja ambaye hakuwa msemaji sana akanirudishia nakala yake. Pembeni mwa kila ukurasa, kuanzia wa 4, alikuwa amechora kiti kidogo kwa penseli. Viti vile vilikwenda hadi ukurasa wa 11, na chini yake akaandika: "Ulimketisha huyu mzee ukurasa wa 4, hukumwinua tena. Ukurasa wa 12 anafungua mlango."

Hadithi ile nilikuwa nimeipitia mara nyingi mno, na ndugu na marafiki walikuwa wameisoma wakasema ni nzuri. Hakuna aliyeona kwamba mzee wangu hana mwili, ni sauti tu inayotoa maneno matamu. Wakati najaza fomu sikujua kwamba hicho ndicho ninachokifuata: kundi la watu wanaosoma kazi yangu neno kwa neno, kwa kuwa wanajua wiki ijayo na zao zitasomwa hivyo hivyo. Cha pili ni muda, yaani asubuhi nzima nzima ambazo hakuna anayekuuliza kwa nini umekaa na daftari. Ukiondoa hivyo viwili, kinachobaki ni ada na cheti.

Cheti nacho sikidharau. Anayetaka kufundisha sanaa chuo kikuu ataulizwa. Marekani, shahada ya MFA, yaani uzamili wa sanaa, huhesabiwa kuwa ya juu kabisa kwa mwalimu wa uchoraji au uandishi kwa vitendo. Upo pia uzamivu (PhD) ambao msanii huwasilisha kazi yake pamoja na tasnifu ya kuichambua. Lakini wanaohitimu ni wengi kuliko nafasi za kufundisha. Na huyo mhariri atakayepokea mswada wako, au mwenye ukumbi wa maonyesho, yeye hataki kuona cheti. Atataka kuona kazi.

Wapo wanaosema sanaa haifundishiki. Lakini warsha ya uandishi ya Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, ipo tangu 1936, na kozi ya Chuo Kikuu cha East Anglia, Uingereza, ilianza 1970. Mwandishi wa riwaya Kazuo Ishiguro alihitimu hapo East Anglia mwaka 1980, na mwaka 2017 akapata Tuzo ya Nobel ya fasihi. Tuzo hiyo hiyo mwaka 1998 ilikwenda kwa José Saramago, mwandishi wa Ureno, ambaye hakusoma chuo kikuu. Alipitia shule ya ufundi, akafanya kazi ya umakanika. Kwa hiyo mabishano hayo mimi nayaacha. Hayamsaidii mtu mwenye fomu mkononi.

Linalonikosesha usingizi ni fedha. Uingereza uzamili wa kawaida huchukua mwaka mmoja; MFA ya Marekani ni miaka miwili au mitatu. Kuna programu zinazokusamehe ada na kukupa posho, nawe ukafundisha wanafunzi wa shahada ya kwanza. Nafasi hizo hugombewa sana, lakini hizo ndizo za kutafuta kwanza, hata kama itakubidi uombe mwaka huu na mwaka ujao. Mwenzetu mmoja, ambaye kwa macho yangu alitupita sote kwa kipaji, alisoma kwa mkopo. Alipomaliza akashika kazi ya kwanza iliyopatikana, jioni akaongeza nyingine. Deni linalipwa kwa zile saa ambazo angekuwa anaandika. Kila nikisoma kurasa zake nilizozihifadhi, naumia.

Mimi nami nilikosea, kwa namna nyingine. Chuo nilikichagua kwa jina la mwalimu mmoja mashuhuri, nikafika nikakuta yuko likizo mwaka mzima. Tafadhali, usiwaandikie watu wa ofisi ya udahili peke yao. Mtafute mwanafunzi aliyepo sasa umuulize: nani anafundisha muhula huu? Anasoma kazi zenu zote au anapitia juu juu? Mliomaliza bado mnasomeana?

Kwa watu wa filamu jibu langu linalegea kidogo, maana filamu haitengenezwi na mtu mmoja chumbani. Chuo kinakupa vifaa, na zaidi ya vifaa kinakupa mpiga picha, mhariri na mtu wa sauti ambao mnaweza kufanya kazi pamoja miaka mingi. Mwandishi na mchoraji wanaweza kuanza na meza.

Ndiyo maana nawaambia wasubiri. Jipe mwaka mmoja wa kufanya kazi yako kwa saa maalumu, hata kama ni saa moja kabla ya jua kuchomoza, na utafute watu wawili au watatu wa kusomeana kwa ukweli. Mwaka ukiisha una kazi iliyokwama mahali, na unaweza kuonyesha kwa kidole ilipokwama, jaza fomu, na upeleke kazi hiyo hiyo. Kama huna kazi yoyote iliyokwama kwa kuwa hukuanza yoyote, darasa halitakuanzishia.

Hadithi ya mzee niliiandika upya mara saba. Siku hizi anasimama ukurasa wa 6, anashika ukuta, anasubiri goti lake linyooke, ndipo anauendea mlango.