Kulala muchana ni zambi? Jibu kwa ndugu motari

SWALI: Assalaam alaykum shehe. Mimi ni motari hapa Goma, naamukaka saa kumi na nusu, nasali Alfajiri kisha naingia barabarani. Ikifika saa sita macho inakuwa nzito, naegesha moto kwenye kivuli Birere, nalala kidogo juu ya kiti. Baba mukwe alinikuta pale akasema mutu muzima kulala muchana ni uvivu, franka haitafutwe hivyo. Niko na zambi?

JIBU: Waalaykum salaam ndugu yangu. Zambi hauna, hata kidogo. Usingizi ule uko na jina mu dini, unaitwa kailula, na maulamaa wengi wanauhesabu sunna. Baba mukwe umupe heshima yake, usibishane naye, lakini siku moja mukikaa pamoja umusomee Suratur-Rum aya ya 23, pale Mungu anasema kama katika ishara zake kuko kulala kwetu usiku na muchana na kutafuta kwetu fadhila zake. Yani usingizi wa muchana na kutafuta riziki viko mu aya moja, havigombane!

Lakini ile inanigusa zaidi ni habari ya Ali, bwana ya Fatima binti ya Mutume. Mutume alifika kwa Fatima, akauliza Ali iko wapi, Fatima akasema tulikosana, ametoka, hakulala kailula kwangu. Mutume akamukuta amelala mu musikiti, shuka imemuanguka, vumbi imemushika mugongoni, basi akaanza kumupanguza na mukono wake akisema simama Abu Turab (baba wa vumbi), simama Abu Turab. Hakumugombeza juu ya kulala muchana.

Na wewe unabeba batu. Ukisinzia kwenye giyo, mama mwenye uko nyuma na mutoto mugongoni ndiye anaanguka, na Mungu alitukataza kujitupa mu maangamizo (Baqara 195), sasa ile dakika makumi mbili unalala ni amana ya bakiliya wako pia.

Ila usali Adhuhuri mbele, uweke telefone ilie, juu ukipitisha sana usingizi unakuwa muzito, unaamuka kichwa kizito na usiku haulale tena, na Alasiri hapa kwetu inaingia karibu saa tisa na robo. Juu ya kiti ya moto hapana, utaanguka, toa funguo uende kwenye baraza ya musikiti. Usingizi ukikataa, jilalie tu ubavu, hata kupumzika bila kusinzia maulamaa wanaita kailula.