Ubora wa Kituo Baada ya Mkaguzi Kuondoka

SWALI: Ninasimamia kituo cha kulelea watoto wadogo mchana. Kila tukikaguliwa tunafaulu, lakini haupiti muda mrefu kabla mambo hayajalegea na wazazi kuanza kunung'unika. Nifanye nini ili ubora usishuke?

JIBU: Ukaguzi hupima zaidi vinavyohesabika, kama vile vyoo, vyeti na idadi ya walezi. Hayo si madogo: Ibara ya 3 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989 inazitaka nchi zihakikishe kuwa taasisi za malezi zinafuata viwango vilivyowekwa, hasa vya usalama, afya, idadi ya watumishi na sifa zao. Hata hivyo, kinachotangulia kulegea ni namna mlezi anavyomwitikia mtoto, jambo ambalo fomu hulinasa kwa shida.

Anzia kwenye meza ya kubadilishia nepi. Keti kando na daftari, bila kuingilia kati, utazame kama mlezi anamwangalia mtoto usoni, anamweleza anachotaka kumfanyia na kungoja aitikie, au anamgeuza kimyakimya huku akizungumza na mwenzake; tazama pia kama meza inasafishwa na mikono inanawiwa kwa sabuni kabla hajamshika mtoto mwingine. Andika ulichokiona, si ulichokidhani. Siku hiyohiyo zungumza naye faraghani, ukianza na alilolifanya vizuri, mkubaliane jambo moja tu la kurekebisha, kisha urudi kutazama wiki inayofuata.

Kabla ya kumlaumu, hata hivyo, pima mzigo aliobebeshwa. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinapendekeza mlezi 1 kwa watoto 3 walio chini ya miezi 12. Mlezi aliyeachiwa wachanga wanane hawezi kumsubiri yeyote aitikie, na semina haitamwongezea mikono. Ukiwa na fedha kidogo za kuboresha kituo, naona heri uzitumie kuongeza mlezi na kuwabakiza wazoefu kuliko kununua midoli, kwani mtoto anayebadilishiwa walezi kila mara hulazimika kuanza upya kujenga imani.

Wazazi nao wasikilizwe kwa makini. Anayenung'unika mwulize aliona nini na saa ngapi, uandike, nenda ukatazame saa hiyohiyo siku nyingine, kisha umpe majibu hata kama hayakipendezeshi kituo.