Mrithi kwenye kadi ya gari California: nani anasaini?

Ndugu yangu, umeuliza kama ni lazima binti yako asaini ndipo DMV, idara ya magari ya jimbo la California, imwandike kuwa mrithi kwenye kadi ya gari lako. Hapana. Ukiwa hai, sheria haidai saini wala ridhaa yake. Anayesaini ni wewe mwenye gari. Ila angalia sana hapa: kadi ya namna hii hutolewa kwa gari lenye mmiliki mmoja tu. Kama jina la mwenzi wako nalo limo, njia hiyo imefungwa. Na tafadhali usitegemee wosia kubadilisha mrithi baadaye, maana hauwezi. Ukighairi, uza gari, au omba kadi mpya yenye jina jingine au isiyo na mrithi kabisa. Deni la gari, kama lipo, halifutiki. Mweleze binti yako mapema.