Japani, chakula cha jioni hakimsubiri mgeni

Nilifika kwenye nyumba ya wageni saa mbili na nusu usiku, begi mgongoni, njaa inaniuma. Mwenyeji akainama, nikavua viatu mlangoni, nikapewa ndara, kisha nikaambiwa kwa upole mwingi kwamba jiko limeshafungwa. Chakula nilichokilipia kilikuwa cha saa kumi na mbili jioni, na saa hiyo mimi nilikuwa kituoni nasubiri treni ya pili baada ya kuachwa na ya kwanza, kisa napiga picha. Nililala na onigiri mbili za dukani, yaani matonge ya wali yaliyofungwa kwa mwani.

Ukilala ryokan, hoteli zile za jadi, usidhani utaagiza chakula muda unaotaka. Mara nyingi bei inahesabiwa kwa kichwa, chakula cha jioni na cha asubuhi kikiwemo, na mpishi ananunua samaki wa siku hiyo kulingana na idadi ya wageni. Vyakula vinakuja kidogo kidogo, kibakuli kimoja baada ya kingine. Kwa hiyo fika mapema, na mchana usijishindilie.

La pili ni muhimu zaidi kwa Waislamu wenzangu. Kusema "sili nguruwe" hakutoshi. Kuna mirin, kiungo kitamu chenye pombe, na kuna sake yenyewe, pombe ya mchele. Vyote vinatiwa hata kwenye mchuzi wa samaki. Mlaji mboga naye ana mtego wake: supu inayoonekana ya majani tu huwa imeanza na dashi, maji yaliyochemshiwa samaki mkavu au niboshi, ambao ukiwaona utasema hawa si dagaa hawa! Andika usichokula siku unapoweka nafasi, kwa Kijapani, programu ya tafsiri inatosha. Ukingoja kusema mezani utamwaibisha mpishi, na wewe utabaki na wali mtupu.

Mimi kilichonipumzisha ni Koyasan, mlima wa mahekalu kusini mwa Osaka, ulioanzishwa na mtawa wa Kibudha, Kukai, mwaka 816. Baadhi ya mahekalu yanapokea wageni wa kulala, na chakula chao, shojin ryori, hakina nyama, samaki, kitunguu wala kitunguu saumu. (Mirin bado uliza.) Nilikaa chini kwenye mkeka wa tatami, sinia dogo jekundu mbele yangu. Kulikuwa na kitu cheupe laini nilichodhani ni jibini. Kumbe ni ufuta, umesagwa na kupikwa na wanga mpaka ukaganda. Pembeni tofu, kile chakula laini cha soya, iliyogandishwa kwa baridi, ikakaushwa, ikachemshwa tena. Ukiibonyeza mdomoni inatoa mchuzi kama sifongo. Sikuwahi kujua kitunguu kinaweza kukosekana nisikitafute.

Mfukoni pakiwa pakavu, kula teishoku mchana, yaani mlo kamili wa sinia moja. Kwa yeni elfu moja hivi nilikuwa napata wali, supu ya miso (soya iliyochachushwa), samaki wa kuchoma na achari.

Vijiti visikutishe. Usivisimamishe kwenye wali, wala usimpokeze mtu kitu kijiti kwa kijiti. Yote mawili ni mambo ya msibani. Sushi, vile vitonge vya wali na samaki, unaweza kula kwa mkono, kwa hiyo hapo sisi tuko nyumbani. Kibakuli cha wali kinainuliwa mkononi, na tambi za soba unazivuta kwa sauti bila mtu kukukodolea macho. Bibi yangu angenichapa.

Sasa turudi kwenye ile nyumba niliyolala njaa. Asubuhi wakaniletea natto, soya iliyovundikwa, inayonuka kidogo na kuvutika nyuzi nyuzi. Mzee wa meza ya jirani akaacha kula ili aone mgeni atafanya nini. Hakujua mimi ni mtu wa Kondoa, nimekua kwa mlenda. Nikaikoroga, nikaimwaga juu ya wali, nikamaliza, nikainua kibakuli kuomba nyingine. Mzee alicheka mpaka akaweka vijiti chini.