Nzi wa kuzama anayekataa kuzama, na bawa linalopasuka

Salaam ndugu mwuliza. Umesema umeanza kufunga nzi wa kuzama, yaani chambo bandia cha manyoya na uzi juu ya ndoana, cha kuvulia samaki aina ya trauti chini ya maji, hapa hapa Mombasa, unawajaribu kwenye ndoo kabla ya safari yako ya Nyeri, na shida zako ni mbili: nzi anaelea kama kizibo, na bawa linapasuka au linalalia upande mmoja kila ukikaza uzi. Mimi nafunga nyumbani Tudor, huu mwaka wa kumi na moja, na nzi wangu nawavulia kwenye mito ya Gura na Ragati, huko huko Nyeri, nikipata likizo. Shida zote mbili nimezipitia, na kwa macho yangu mzizi wake ni mmoja: umeweka vitu vingi mno kwenye ndoana.

Nianze na kuelea. Nina hakika ukosi wako, yaani ule unyoya unaozungushwa nyuma ya tundu la ndoana, umeutoa kwa jogoo. Unyoya wa jogoo ni mgumu, unang'aa, unasimama juu ya maji. Huo ni wa nzi wa kuelea. Wa kuzama anataka unyoya wa mtetea: laini, mfifi, unaofyonza maji, na ndani ya mkondo unafunguka na kujikunja kama miguu ya mdudu anayehangaika. Nenda Kongowea kwa wauza kuku wa kienyeji, tafuta mtetea mwenye madoadoa ya kahawia, na umwombe mchinjaji akuachie shingo kabla hajamchovya kuku kwenye maji moto. Ngozi ipake chumvi upande wa ndani, ianike kivulini mpaka ikauke kabisa. Manyoya yaoshe kwa sabuni na maji ya vuguvugu kabla ya kuyatumia, maana mafuta ya kuku nayo humzuia nzi asizame.

Sasa uzungushe mara ngapi? Mara mbili. Umesema unazungusha mara tano au sita. Hapo umefunga brashi. Aliyenifundisha ni mama mmoja wa Nyeri aliyefunga nzi wa kuuza nje kwa miaka mingi. Aliniketisha, akanipokonya unyoya niliokuwa nimeushika, akaunyonyoa upande mmoja wote, ndipo akanirudishia niuzungushe. Nikamwambia mbona nzi amebaki kama uchi. Akamtia nzi huyo kwenye glasi ya maji. Nzi akazama palepale, na kila unywele ukawa unacheza peke yake.

Mwili nao usiunenepeshe. Mfano ninaoupenda ni nzi wa zamani aitwaye Greenwell's Glory. Mwaka 1854 padri William Greenwell alimpelekea fundi James Wright, kando ya Mto Tweed huko Uskoti, mdudu ambaye yeye Greenwell aliona trauti wakimla, na Wright akamwiga. Mwili wake ni uzi mtupu wa hariri ya manjano uliosuguliwa nta mpaka ukageuka kijani cha zeituni, na waya mwembamba wa dhahabu juu yake. Basi. Hakuna sufu, hakuna kitu kingine. Uzi unaanza nyuma ya tundu, unashuka mpaka unapokabili kijino cha ndoana, unarudi. Joto la Mombasa linatusaidia hapa: nta ya nyuki ni laini muda wote, unavuta uzi mara moja tu katikati ya nta na umeshika.

Tuje kwenye bawa, ambako najua ndiko kunakokuumiza zaidi.

Unahitaji manyoya mawili ya bawa la bata, moja la kulia na moja la kushoto, kutoka sehemu ileile ya bawa. Ukichukua mawili ya upande mmoja, bawa lako litapinda hata ufunge vipi. Kata kipande cha milimita 3 au 4 kwa ndoana namba 12, viwili vilivyo sawa, vilaze pande zilizobonyea zikielekeana. Nyuzi za unyoya wa bata zimeshikana kwa vijikulabu vidogo sana, kama ukindu uliosukwa. Ukizisugua kinyume zinaachana. Zikiachana, zipapase taratibu kuelekea ncha, zitashikana tena.

Kabla ya kuweka bawa, tazama kitanda chake. Lazima kiwe bapa, uzi uliolala sawasawa, bila nundu ya mwili wala ya ukosi. Makosa mengi ya bawa huanzia hapa, na hakuna ufundi wa vidole utakaoyaponya. Ukosi nao ushushe chini ya ndoana ukaukaze hapo, ili juu pawe patupu.

Sasa bana bawa kwa kidole gumba na cha shahada, juu kabisa ya mguu wa ndoana, yaani sehemu yake iliyonyooka, na kibano hicho kikamate na ndoana yenyewe. Pitisha uzi juu kati ya vidole, ulegeze, uache kitanzi kidogo, uushushe upande wa pili, ndipo uvute wima kwenda chini. Usivute kwa kuzungusha. Uzi unaovutwa kwa kuzungusha huburuta bawa upande wa pili, ndiyo maana lako linalala. Kitanzi kikishuka wima, nyuzi za unyoya zinakaa moja juu ya nyingine, hazipasuki. Rudia mara mbili bila kufungua vidole hata kidogo. Mizunguko inayofuata iende mbele kuelekea tundu, kamwe isirudi nyuma. Ukirudi nyuma bawa linainuka na kutanuka kama mkia wa njiwa. Ncha ya bawa iishie juu ya mkunjo wa ndoana, na bawa lilale chini karibu na mwili.

Kwa mazoezi nakushauri ufunge nzi aitwaye Coachman, kwa kuwa vifaa vyake vyote unavipata mjini: nyuzi za unyoya wa tausi kwa mwili, unyoya wa mtetea wa kahawia, bawa la bata mweupe. Za tausi hukatika kwa meno ya samaki, kwa hiyo zungusha waya mwembamba wa shaba juu yake, ukielekea kinyume cha zilivyozungushwa. Waya utaupata kwa mafundi wa redio.

Mambo mawili ya hapa kwetu. Zima feni unapofunga, jasho lisikukere; upepo ule hupeperusha unyoya wakati ndiyo umebana. Na ndoana zetu zinashika kutu kwa hewa ya bahari hata zikiwa ndani ya kabati, kwa hiyo ziweke kwenye chupa yenye kifuniko kinachobana, pamoja na mchele mkavu uliofungwa kitambaani, na uubadilishe kila mwezi.

Gura maji yanakwenda kwa nguvu kweli, na nzi mwembamba anafika chini kwenye mashimo nyuma ya mawe kabla mkondo haujampitisha. Hao trauti wa kahawia walioletwa pale kutoka Uskoti mwaka 1905 wazao wao bado wamo, na nimewapata mara nyingi kwa nzi asiye na bawa kabisa: uzi wa rangi ya chungwa, ukosi wa madoadoa, mizunguko miwili. Funga watatu wa namna hiyo kwanza, kisha rudi kwenye bawa. Weka picha ya yule wa tatu akiwa ameloa, nione ukosi wake unakaaje.