Lenzi za mwanangu zimehama, tusubiri akue?

SWALI: Shikamoo dokta. Mwanangu ana miaka 6, yuko la kwanza, kitabu anakibandika puani kabisa na akiangalia ubao anainamisha kidevu kama anamvizia mtu. Tumepima, tukaambiwa lenzi za macho yote mawili zimehama zimepanda juu, miwani haimsaidii, afanyiwe operesheni. Mi nilijua lenzi wanawekewa wazee wenye mtoto wa jicho, na shemeji anasema tusubiri akue. Nifanyeje?
Mama, Tanga

JIBU: Marahaba mama. Shemeji kwa heshima zote hapa kapotea. Lenzi, ile kama kioo cha asili ndani ya jicho, inashikiliwa na vinyuzi vyembamba sana kuizunguka pande zote, vikilegea inateleza na mtoto anabaki kuchungulia kwenye ukingo wake, picha inaingia imepinda. Sasa ubongo mpaka miaka 7, 8 hivi bado unajifunza kuona, ukiletewa ukungu kila siku unazoea ukungu, mkija kumpasua ana miaka 20 jicho litakuwa safi na bado haoni vizuri. Miwani ingemtosha ningesema subirini, ila umeshasema imeshindwa.

Ila kutoa lenzi ni kitu kimoja na kupandikiza nyingine ni kingine. Mzee wa mtoto wa jicho lenzi mpya inakaa kwenye mfuko wa ile ya zamani, mwanao mfuko wenyewe ndo unaning'inia, kwa hiyo inabidi ishonewe kwenye weupe wa jicho au ibanwe kwenye ile sehemu yenye rangi, na uzi unaweza kukatika baada ya miaka, na jicho lenyewe bado linakua. Ndo maana wengine wanatoa tu, wanampa miwani minene au lenzi za kuvaa, kupandikiza baadaye. Ukiona hivyo usidhani wamekupunja.

Halafu mama, mtoto ni mrefu mwembamba, vidole virefu? Mwambie akunje kidole gumba kiganjani afunge ngumi, ncha ikichomoza upande wa pili waambie madaktari. Inaweza kuwa Marfan, hali ya kuzaliwa nayo inayolegeza tishu zinazoshikilia mwili, jina la daktari wa Ufaransa aliyeieleza mwaka 1896, nayo inagusa mshipa mkubwa wa moyo. Isipochomoza pia omba eko ya moyo, kile kipimo cha kuuangalia moyo kwa mawimbi ya sauti, kabla ya nusu kaputi, hili usilisahau kabisa.

Na baada ya operesheni, hata miaka ikipita, akisema anaona vimulimuli au kama pazia jeusi linashuka, usingoje tarehe ya kliniki, mpeleke siku hiyohiyo.