Maswali yenu ya mtandao: ruta mbili zinagombana, printa inapotea, waya umegoma kwenye 94

Barua nyingi za safari hii zimekuja na sentensi moja tu, "intaneti imekata nisaidieni". Jamani hiyo haitoshi, kwa sababu inaweza kuwa waya umelegea, ruta haigawi namba, majina ya tovuti hayasomeki, au mtoa huduma mwenyewe ndo kalala, na kila moja ina dawa yake. Na kitu kingine nawaomba sana, msikimbilie kile kitundu kidogo nyuma ya ruta cha kuirudisha kiwandani. Ukishakibonyeza, kama laini yako ilikuwa na jina la akaunti na paswedi ya mtoa huduma navyo vimefutika, hapo ulikuwa na tatizo moja sasa unayo mawili. Tafuta kwanza imekatikia wapi.

Habari kaka. Ofisi yetu ina watu wanane, ruta iko chumba cha mbele na waifai haifiki nyuma. Tukanunua ruta ya pili, tukavuta waya kutoka ya kwanza tukachomeka. Siku ile ilienda vizuri kabisa, kesho yake baadhi ya kompyuta zina intaneti zingine hazina, tukizima na kuwasha wanabadilishana, aliyekuwa nayo anakosa. Nimeangalia, iliyokosa ina namba 192.168.0.103, nzima ina 192.168.1.14. Tumeuziwa ruta mbovu?

Ruta yako nzima, na umefanya la maana sana kuangalia hizo namba mana jibu limo humo humo. Kila ruta ya nyumbani ikitoka kwenye boksi inajiona yenyewe ndo mkuu wa mtandao, inagawa anwani za IP kwa kila anayeomba, na huo ugawaji ndo unaitwa DHCP. Nyie sasa mna wagawaji wawili kwenye waya mmoja. Kompyuta ikiwaka inauliza "nani ananipa namba?", wote wawili wanajibu, na kwa kawaida anayewahi ndo anachukuliwa. Aliyepewa na ruta ya mbele anapata namba ya 192.168.1 na njia ya kutokea, aliyepewa na ya nyuma anapata 192.168.0.103 na anaambiwa njia ya kutokea ni hiyo hiyo ruta ya nyuma, ambayo yenyewe haina intaneti kwa sababu mmechomeka waya kwenye matundu ya LAN (ya vifaa vya ndani) na tundu lake la WAN (la kuingizia intaneti) liko tupu. Na ile siku ya kwanza kuwa shwari nayo ina sababu, namba hutolewa kwa muda, mara nyingi saa 24, kwa hiyo kompyuta zilikuwa bado zinatumia za jana.

Kurekebisha fuata mpangilio huu, usiuruke. Chomoa ule waya unaounganisha ruta mbili. Chukua laptopu moja, zima waifai yake, ichomeke kwa waya kwenye ruta ya nyuma peke yake, fungua brauza uandike 192.168.0.1 uingie kwenye setingi zake. Kwanza badilisha anwani yake ya LAN iwe kwenye familia ya ruta ya mbele, mfano 192.168.1.250, ila angalia kwanza ruta ya mbele inagawa kuanzia ngapi mpaka ngapi, hiyo 250 iwe nje ya hapo (kama inagawa mpaka 254, ipunguze iishie 200, kwa watu wanane zinabaki za kumwaga). Sevu, ruta itajiwasha upya, chomoa na kuchomeka waya wa laptopu ipate namba mpya, ingia tena kwa 192.168.1.250 halafu sasa ndo uzime DHCP. Ukianza kwa kuzima DHCP laptopu inaweza kukosa namba ukajikuta umefungiwa nje, ndo mana nasisitiza mpangilio. Ukimaliza rudisha ule waya, LAN ya mbele kwenda LAN ya nyuma, WAN ya nyuma iache tupu. Baadhi ya ruta zina kipengele cha akses pointi kinachofanya kazi yote hiyo kwa mbofyo mmoja, kikiwepo tumia hicho na ufuate maelekezo yake ya tundu la kuchomeka.

Kuna fundi atakuja akwambie chomeka tu kwenye WAN yaishe. Ni kweli intaneti itapatikana kote, lakini watu wa nyuma watakuwa kwenye mtandao wao wa pekee, na siku wa mbele akitaka kufungua faili iliyoko kwenye kompyuta ya nyuma hatoiona. Kwa ofisi ya watu wanane mi sishauri.

Waifai ya ruta zote mbili ipe jina moja, paswedi moja, na aina moja ya ulinzi, WPA2 au WPA3, simu zitahama zenyewe mtu akitembea. Ila chaneli zitofautiane. Kwenye 2.4 GHz tumia 1, 6 au 11 tu, hizi hazigusani, ukiweka 3 au 4 ukidhani umejitenga unakuwa umewavuruga wa 1 na wa 6 kwa pamoja.

Shikamoo mwalimu. Printa yetu ya waifai kila tukiizima wikendi, Jumatatu inaandika haipo mtandaoni. Naifuta kwenye kompyuta naiweka upya inakubali, wiki inayofuata yale yale. Nimechoka.

Marahaba. Pole, na hiyo kufuta na kuweka upya acha kabisa. Kinachotokea kwa uwezekano mkubwa ni kwamba printa ikilala siku mbili namba yake inapewa simu ya mtu mwingine, ikiamka inapewa nyingine, ila kompyuta bado inatuma karatasi kwenye anwani ya zamani. Uhakikishe hivi, printa ikiwa imegoma itoe ile karatasi yake ya maelezo ya mtandao (ipo kwenye menyu yake), soma namba ya IP, halafu fungua setingi za printa kwenye kompyuta uangalie poti inayotumia. Zikitofautiana umempata mchawi.

Dawa yake ingia kwenye ruta, tafuta sehemu ya kuhifadhi anwani kwenye DHCP, chagua printa yako kwa MAC yake (namba ya utambulisho ya kiwandani) uipe namba moja ya kudumu. Halafu iweke kwenye kompyuta mara moja ya mwisho kwa namba hiyo. Wengine wanaandika namba kwenye printa yenyewe, sawa nayo inafanya kazi, lakini iwe nje ya zile zinazogawiwa, la sivyo kuna siku ruta itampa mtu mwingine namba hiyo hiyo na wote wawili watakuwa wanapotea na kurudi, na hilo ni gumu kulitambua kuliko hili ulilonalo sasa.

Mkuu nimelipia kifurushi cha 300 Mbps (megabiti kwa sekunde), kwenye simu kwa waifai napima 200 na kitu, kompyuta niliyoichomeka kwa waya inagoma kwenye 94. Si mnasema waya ndo una kasi?

Waya ndo una kasi, tatizo ni waya wako. Hiyo 94 ni alama kabisa, mtu akinitajia 94 au 95 kwenye waya namuuliza moja kwa moja waya kaubana nani. Kompyuta na ruta zikiunganishwa zinakubaliana kasi, na zako zimekubaliana 100, ukitoa mizigo ya usafirishaji inabaki hapo kwenye 94. Kasi ya 100 inahitaji nyaya nne tu, zile za nafasi ya 1, 2, 3 na 6. Ya 1000 inahitaji zote nane. Kwa hiyo ikikatika moja tu kati ya ya 4, 5, 7 na 8 mtandao haufi, unashuka kimya kimya, na hapo mtu anaweza kumlaumu mtoa huduma mwaka mzima.

Fungua setingi za kadi ya mtandao uangalie kasi ya kiungo, ukikuta 100 badala ya 1000, jaribu waya mwingine unaojua ni mzima, hiyo tu. Ikipanda umemaliza. Ikibaki pale pale angalia tundu la ruta au swichi (kile kisanduku cha kuunganishia nyaya nyingi za mtandao) iliyoko katikati, zipo nyingi tu za zamani mwisho wao ni 100.

Kama waya uko ukutani na huwezi kuubadilisha, kata kichwa ubane kingine. Mpangilio wa rangi unaoitwa T568B, kichwa ukikishika kikonyo kiko chini, meno yako juu upande wa mbali, na waya unaingilia upande wako, kuanzia kushoto: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Umeona kijani imetenganishwa, bluu zimeingia katikati yake? Hapo ndo watu wanaharibu, wanapanga rangi mbili mbili zinazofanana pande zote mbili, kitesta cha taa kinawaka vizuri moja mpaka nane na fundi anaondoka na hela yake, kumbe zile jozi zilizosokotwa zimevunjwa na mawimbi yanaingiliana, mtandao unakuwa unakwamakwama ovyo. Usifumue msokoto zaidi ya milimita 13, ganda la nje liingie ndani ya kichwa libanwe nalo, na urefu wote usizidi mita 100. Na ukinunua kebo ulizia ya shaba tupu, zile za aluminiamu iliyopakwa shaba ni nyepesi na rahisi, lakini zinakatika ndani ukikunja mara kadhaa tu.

Nitajuaje kama tatizo ni langu au la mtoa huduma kabla sijawapigia?

Fungua ile skrini nyeusi ya amri, kwenye Windows andika ipconfig. Ukiona namba inaanza na 169.254 kompyuta haijapewa namba na mtu yeyote, imejipa yenyewe, kwa hiyo angalia waya, waifai au DHCP ya ruta, mtoa huduma bado hahusiki. Kama namba iko sawa, chukua ile anwani ya njia ya kutokea (imeandikwa Default Gateway) uandike ping 192.168.1.1 au yoyote iliyoandikwa pale, ping ni amri ya kuuliza kama kifaa kinajibu. Isipojibu mara nyingi kosa ni lako, kati yako na ruta. Ikijibu, andika ping 8.8.8.8, hiyo ni anwani ya Google iliyoko nje kwenye intaneti. Isipojibu angalia taa za modemu, hapo ndo pa kupiga simu sasa na uwaambie umefika mpaka wapi, wanakuheshimu. Ikijibu lakini tovuti hazifunguki, ni DNS, yani kinachogeuza majina kuwa namba, weka 8.8.8.8 au 1.1.1.1 kwenye setingi za DNS ujaribu tena.

Tumefanya usafi ofisini Jumamosi, Jumatatu mtandao wote umekufa, taa za swichi zote zinapepesa kwa kasi ya ajabu kwa pamoja. Tumezima tumewasha wapi.

Mtu kakuta waya unaning'inia akaona ni uchafu, akauchomeka, na ncha ya pili ilikuwa tayari kwenye swichi hiyo hiyo. Ujumbe unaotumwa kwa wote unazunguka humo bila kukoma, unajizidisha mpaka hakuna nafasi ya kitu kingine. Kuzima na kuwasha haisaidii, sekunde chache tu unarudi. Chomoa waya mmoja mmoja huku unaangalia taa, zikitulia ghafla huo ulioshika ndo wenyewe, ufuate mpaka ncha yake ya pili. Msiutupe, ufungeni lebo pande zote mbili, na wa printa, na wa ruta, na wa kila meza.